Hindi la Njia Panda

Jumapili, Julai. Mtwapa imeamka na manyunyu na ubaridi wa kusi, nami nimeamka na aibu. Nimejitanda leso mabegani, chai imepoa, na bado sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye hindi.

Jana nilikwenda kwetu Kakuyuni kwa siku ya kuonja mahindi mapya. Kwetu, hindi la mvua za mwaka, yaani za masika, haliliwi na mtu wa ukoo mpaka mwanamke mkubwa wa ukoo alionje kwanza. Mwanamke huyo ni Hawe, ndivyo tunavyomwita bibi yangu. Mimi nimepewa jina lake. Sote wawili ni Sidi, na tangu nizaliwe huniita somo. Macho yake sasa yameingia ukungu. Wiki iliyopita alimwambia binamu yangu Mbeyu anipigie simu: mwaka huu upawa anakabidhiwa somo wake. Yaani mimi nionje, mimi nigawe, mwaka huu na kila mwaka.

Nilishukuru kwenye simu. Nilipokata, nilijikuta nahesabu miaka.

Nilipokuwa mdogo, siku hiyo kwetu watoto ilishinda sikukuu zote. Wiki nzima tulipita kando ya shamba tukiyatazama mahindi yaliyotoa ndevu, mate yakitudondoka, wala hakuna aliyethubutu kuvunja hata moja. Siku yenyewe ngoma ililia tangu asubuhi. Wanawake walivaa hando, zile sketi za marinda mengi, wakacheza mpaka vumbi likatuingia machoni. Chungu cha mahindi na kunde za nazi kilikuwa kikubwa hata tukadhani hakitaisha. Hawe alionja, akadondosha punje chache chini kwa ajili ya wazee waliotangulia, kisha akatutikisia kichwa, nasi tukavamia. Utamu ule sijaupata tena popote, na nimeutafuta.

Sasa jana. Nimesimama njia panda nangoja bodaboda, njaa imenibana, na mama mmoja anachoma mahindi mabichi, ndimu na pilipili ziko tayari. Nikanunua. Nilikuwa nimefika nusu nilipokumbuka ninakokwenda, na ninachoendea.

Nikalimaliza.

Hapa sina wa kumdanganya, kwa hiyo naandika ilivyokuwa: nilikumbuka, na bado nikalimaliza lile hindi mpaka likabaki gunzi.

Ngoma ya jana ilitoka kwenye simu ya mjomba. Tulikuwa watu tisa. Hawe aliketi mbele ya chungu, upawa mapajani, akaniuliza mbele ya wote kama desturi inavyotaka, "Somo, kinywa chako hakijatangulia?"

Uongo ulikuwa mwepesi. Nani angejua?

"Kimetangulia, Hawe. Nimekula njiani."

Hakunigombeza. Aliugeuza upawa mapajani, akauliza, "Yu wapi Mbeyu?" Mbeyu, ambaye alilipalilia shamba hilo tangu masika mimi nikiwa ofisini, alipiga magoti akapokea upawa kwa mikono miwili.

Nilihisi mzigo umenishuka. Nadhani ndiyo sababu nililimaliza hindi lile. Niliogopa kufungwa na chungu, kurudi kila mwaka nitake nisitake, na kinywa changu kikanitafutia njia ya kutokea. Lakini Mbeyu alipoonja na vigelegele vikapigwa, niliona wivu. Kile nilichokikimbia ndicho nilichokuwa nikikililia miaka yote hii.

Mbeyu hakuninanga. Alinijazia bakuli mpaka juu. Kunde ni zilezile, nazi ni ileile, ila nilikula nikitazama chini.

Wakati wa kuaga Hawe aliushika mkono wangu, akakipapasa kiganja, laini kama cha mtoto. "Upawa umekwisha pita, somo," akasema. "Lakini jembe halina mwiko."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka huku. Asubuhi hii nimeandika ujumbe kwa mkuu wangu wa kazi, kuomba wiki moja ya likizo mvua za vuli zikianza. Nimeusoma mara tatu. Hauna kosa hata moja.

Bado sijautuma. Nangoja nini, Sidi?