Asidi Ndani ya Chupa ya Maji

Mjukuu wangu Naigaga,

Hapa Bugembe sote wazima, na kuku wako ameangua. Usinicheke: nimemaliza shule juzi, lakini baba yako ni mtoto wa kaka yangu, basi mimi ni jaja yako kamili, bibi yako.

Umeuliza kwa nini naandika jina la kilichomo kwenye kila chupa. Siku moja katika maabara ya shule nilihamishia asidi kwenye chupa ya maji ya kunywa, kama nyumbani tunavyoweka mafuta ya taa. Rafiki yangu Akello akaja na kiu, akaifungua. Mimi ninayeitikia jina langu kwa kunong'ona nilipiga kelele: “Akello, weka chini! Asidi!”

Akaiweka. Mwalimu akashusha pumzi. “Kumbe Babirye una sauti! Lakini chupa haina. Iandikie jina.”

Sasa nenda jikoni kwenu Malukhu, uiandikie jina ile chupa ya mafuta ya taa.

Jaja yako,
Babirye