Jino la Marwa

Marahaba, mjukuu wangu Ghati. Huku Matongo tu wazima, na mahindi tumeshavuna.

Unauliza kama kaka yangu Marwa alirogwa na mkewe, Bhoke. Hapana! Wakati watu walipokimbilia dhahabu Nyakunguru, mchimbaji mwenzake alimng'oa jino kwa koleo. Homa ikamshika mpaka akafa. Daktari aliyemtibu alitueleza kwamba vijidudu tulivyo navyo sote mdomoni na kooni bila madhara vilipitia kwenye kidonda, vikaingia kwenye damu, vikashambulia moyo wake uliokuwa mbovu tangu utotoni.

Niliwaambia wazee hayo msibani. Wakanijibu, "Nyamaza, wewe mwanamke!" Wakamfukuza Bhoke na mtoto mgongoni. Nikambebea mzigo hadi kwao Sirari, nikilia kwa hasira.

Waliomfukuza nasali nao kila Jumapili. Mpaka leo siwapi mkono.

Bibi yako,
Robi