Vidudu Vyenye Macho

Newala, Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje siku hizi? Na yule mbuzi mweupe, ameshazaa au bado anakuzungusha tu? Mimi mwili hauna tatizo. Tatizo liko moyoni, ndiyo maana sikupiga simu. Ningelia, nawe ungelia, na salio lingeisha hatujasemezana kitu. Barua hii anakuletea mwalimu jirani yangu, anayekuja Ukerewe likizo kupitia Masasi. Mpikie sato, ana hamu nao kuliko mimi.

Ulicheka nilipokuambia kwamba mimi, mtoto wa ziwani, sasa naoga kwa kata mbili za maji. Huku juu ndivyo tulivyo. Kijiji changu kiko mbele kidogo ya Kitangari, na bomba lake hutoa maji likipenda. Lisipopenda, kina mama wanashuka bondeni na ndoo, njia imesimama kama ukuta, halafu wanaipanda tena mzigo ukiwa kichwani. Nafuu yao ni lambo la kijiji. Mvua ikilijaza, watu wanafua, wanachota, watoto wanaogelea mpaka macho yanakuwa mekundu.

Kazi yangu ni kulikagua lambo hilo na mengine. Naokota konokono, kila mmoja namweka kwenye glasi ya maji juani, nangoja nione vidudu gani vitamtoka. Watu wananiita Daktari wa Konokono, na wakiniona na kichujio changu wanacheka hadharani.

Jirani yangu Mama Zainabu hakunicheka. Siku niliyohamia alikuja na bakuli la ming'oko, mizizi ya porini wanayoichemsha huku, akasimama mlangoni kuhakikisha naila. "Kula, Daktari. Huu ndo mkate wetu."

Mvua zilipoanza alinijia na bintiye Zainabu, wa miaka minane. Miguu ya mtoto ilikuwa imejaa vipele vyekundu.

"Kaoga lamboni jana," akasema, "leo anajikuna mpaka damu. Kitu gani hiki?"

Kesho yake niliweka konokono juani, nikachungulia kwa lenzi ya mkono. Vidudu vilivyotoka vilikuwa na mkia wa panda, uliogawanyika ncha mbili. Mama, nilipouona ule mkia nilimwona Baba. Niliona tumbo lake lilivyojaa, na lile beseni la bluu ulilokuwa ukimshikia akitapika damu. Kidudu cha kichocho kilichomuua kina mkia wa namna hiyo hiyo.

Ila kuna vidudu vingine vyenye mkia huo, vya bata, visivyoweza kuishi ndani ya mtu. Hivyo vina vitone viwili vyeusi kichwani, tunaviita macho. Vikimwingia mtu vinafia kwenye ngozi, anajikuna siku chache, basi. Kuyaona macho kunataka hadubini, na hadubini iko mjini ofisini, na wiki ile mjini hakukuwa na umeme. Nilitakiwa kusubiri siku chache tu. Mimi ninayewafundisha wengine kwamba tunaangalia kichwa kwanza, niliangalia mkia nikakimbilia rangi na ubao. MAJI HAYA YANA KICHOCHO. USIOGE, USIFUE, USICHOTE. Mwenyekiti wa kijiji akazungushia miiba. Nilijisikia vizuri sana siku ile, Mama. Nakwambia ukweli.

Kina mama walinuna. Walinisema kwa Kimakonde nikipita, wakidhani sielewi hata kidogo. Mama Zainabu akawakatiza.

"Mwacheni. Anawahurumia watoto wetu. Miguu yetu imesahau bondeni? Twendeni."

Akawa wa kwanza kubeba ndoo.

Haikupita wiki mbili. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa aliteleza akipanda na maji. Wanaume walimbeba juu ya kitanda, lakini hakufika hata barabarani. Nilikaa matangani nikimenya mihogo na wanawake wale wale, na hakuna aliyenitupia neno.

Umeme uliporudi nilikwenda mjini na konokono wapya. Niliweka jicho kwenye hadubini, nikaona macho. Nilirudi nikaokota wengine kila pembe ya lambo, siku tatu mfululizo. Vyote vilikuwa na macho, Mama. Vyote vilikuwa vya bata.

Mkubwa wangu wa kazi akasema niandike kwamba ulikuwa tahadhari ule ubao, na sasa hatari imekwisha. Hakuna ambaye angejua. Nilikaa na karatasi hiyo mbele yangu siku nzima nikashindwa kuandika. Nikaenda kwa Baba Zainabu, nikamkuta shambani anapalilia mbaazi, nikamweleza kila kitu nimesimama.

Alilaza jembe chini. "Kwa hiyo yale maji yalikuwa mazima?"

"Yalikuwa mazima, Baba Zainabu. Nisamehe."

"Ungekaa kimya, Daktari, ningeshukuru. Nilikuwa najua kwa nini mke wangu kafa. Sasa sijui tena." Halafu akaokota jembe. "Lakini kawaambie. Wenzake bado wanashuka kule."

Niliwaambia mkutanoni, mbele ya wote. Hawakunipigia kelele. Bibi mmoja aliinuka, akachukua ndoo yake, akaenda kuvuta miiba kwa mikono yake. Siku hiyo hiyo lambo likajaa watu.

Zainabu tu ndiye asiyeyagusa maji yale. Baba yake amemwambia, mimi nimemwambia, wenzake wanamwita wakiwa ndani ya maji. Anatikisa kichwa. "Mama alinikataza." Akitoka shule anachukua kindoo chake na kuelekea bondeni. Baba yake alijaribu kumzuia kwa ukali, mtoto akalia mpaka homa ikampanda.

Sasa Mama, uliniuliza kama nitakuja likizo hii, na umeshamwambia kila mtu nakuja. Siji. Usinikasirikie. Mpe shikamoo yangu bibi mzaa Baba, dada mkubwa mwambie watoto wake waende kumeza dawa za kichocho shuleni wasikimbie, na mjomba anayefuga nyuki asiuze sehemu yangu ya asali. Ukipita kaburini kwa Baba, mweleze wewe. Mimi nitaanzia wapi?

Naishia hapa, saa tisa inakaribia na watoto wanatoka shule. Tunashuka wote kila siku, mimi na Zainabu. Kushuka anabeba mwenyewe kindoo chake kitupu, ananionyesha mawe ya kukanyaga, kama mama yake alivyomwonyesha. Kupanda nabeba mimi.

Mwanao,
Nyangeta