Usikatae Sindano, Baba Rispa

Baba Rispa wangu,

Sisi huku Nakuru hatujambo. Rispa ameng'oka meno mawili ya mbele na siku hizi anacheka akiwa ameziba mdomo, vumbi la ziwani limerudi na linatuingilia hadi kwenye unga, na mimi silali vizuri tangu Jumamosi. Lakini kwa ujumla hatujambo. Nimetanguliza hayo kwa sababu nakujua. Ukifungua barua unarukia chini kutafuta habari mbaya. Leo usiruke. Habari mbaya ni yako wewe, si yetu, na nitaifikia tu.

Bahasha sitaifunga. Wanawake wa landhi yetu, hizi nyumba za reli, wamesimama nyuma yangu wanasoma ninavyoandika, kila mmoja anataka kuongeza neno lake, na dresa anayewauguza wodini kwenu akitaka naye aisome. Nataka tuwe wengi tunaojua ninachokuomba, ili ukikataa ukatae mbele ya watu.

Yote yalianza na Ochieng. Wewe unamjua, lakini naandika hivi ili na huyo dresa aelewe: ni gadi wa treni, jirani yetu wa ukuta mmoja, ndiye anayekuletea vifurushi vyangu Nairobi na kukuchungulia dirishani, kwa kuwa mimi daktari amenikataza kuja, eti nitamletea mtoto kifua kikuu. Basi alirudi juzijuzi akanikuta nachambua maharagwe. Nikamwuliza, "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amesemaje?"

"Anasema hataki sindano tena."

Mimi nikacheka. Haki ya Mungu nilicheka, Baba Rispa, na sasa nikikumbuka natamani kujipiga kofi. Si nilikuwa nimetoka tu kukutumia kikopo cha sindano za gramafoni? Si wewe mwenyewe uliyeniambia wodi yenu imepewa gramafoni na sindano zake zimekwisha makali, zinakwaruza santuri hadi mwimbaji anasikika kama ana mafua? Nikasema, ah, huyu ameanza tena mambo yake ya miiba. Nikamwambia Ochieng, "Mwache, huyo ameshaona mti wa miiba huko, anaringa." Ochieng akanitazama, akaenda zake. Naye alikuwa amechoka, hakuuliza.

Maana nani hajui miiba yako? Jumapili baada ya kanisa watu wengine wa landhi walikuwa wanalala, wewe unakwenda migungani kule karibu na ziwa, unarudi na mfuko wa shati umejaa miiba, na shati lenyewe limetoboka. Unachagua ulionyooka, unaukata kwa kisu cha kazini, unaufunga mahali pa sindano, unatia ufunguo, halafu unainua kidole tunyamaze. "Sikiliza, Mama Rispa. Chuma kinapiga kelele. Mwiba unaimba." Nilikuwa nakubishia kwa sababu ya shati, lakini ulisema kweli. Sauti ilitoka laini, ya karibu, hadi pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza ilisikika. Tangu uondoke sijawahi kuweza kuukata mwiba ukatoa sauti ile.

Nilicheka, nikazitumia sindano zilizobaki nyumbani bila huruma. Santuri moja, sindano mpya. Nilijiona tajiri. Nilikuwa hata nimepanga kukuandikia barua ya raha tupu, ya kukupendekezea vitu, na wacha nikupendekezee hata hivyo kwa sababu nimevibeba kichwani wiki nzima na nitapasuka.

Kwanza, kwa yule Mhindi wetu wa duka la santuri kuna santuri mpya yenye karatasi nyekundu katikati. Ni gita kavu, mtu mmoja na gita lake, na mwenzake anagonga chupa ya soda kwa kijiti. Anamwimba shemeji yake aliyekuja kutembea siku mbili na sasa hata mbwa wa nyumbani anamtii. Ukisikia ile chupa ikiingia utaacha hata chakula. Lakini usidanganyike na upande wa kwanza. Upande wa pili ndio wenye utamu, hauna maneno mengi, gita linaongea peke yake kama mtu anayejisemea akifua. Niliusikiliza mara tatu nikiwa nimesimama. Mhindi akanikumbuka. Akaniuliza, "Yule bwana fundi iko wapi? Ile ya kusikiliza kila santuri, halafu nasema iko na ufa?" Nikamwambia uko safari. Sikutaka kusema hospitali, nikaogopa kulitoa hilo neno pale penye muziki.

Pili, waambie wenzako wa wodi wasipige rumba asubuhi. Rumba ni ya jua likishuka kidogo. Asubuhi ni ya kwaya, hasa zile za bezi nzito. Na santuri iliyopinda isitupwe. Ilazwe katikati ya vioo viwili juani kidogo tu, mtu akiwa ameikalia macho. Hayo yote ni yako, mimi nakurudishia tu.

Sasa Jumamosi.

Ochieng alikuja akakaa bila kukaribishwa, kofia juu ya goti. Nikajua. Akasema, "Mama Rispa, zile sindano. Wewe ulidhani ni sindano gani?"

Nikasema, "Za gramafoni."

Akasema, "Mimi pia nilidhani hivyo njia nzima. Kumbe ni za matakoni. Safari hii dresa ameniambia mwenyewe. Amekataa kuchomwa. Akiletewa anageukia ukutani."

Basi nikaambiwa yote. Kwamba tangu wakuanzishe hiyo dawa, kikohozi kimepungua na mate hayana damu tena. Kwamba masikio yako sasa yanapiga filimbi mchana kutwa, na ukisimama nyumba inazunguka. Kwamba uliweka ile santuri iliyopigwa harusini kwetu, ukamwambia mwenzako wa kitanda cha jirani, "Mbona umepunguza sauti?" naye akakuapia hajaigusa. Kwamba ulimwuliza daktari waziwazi kama ni dawa, naye akakujibu waziwazi kwamba inawezekana, na kwamba masikio yakishaharibika huenda yasirudi, lakini kuiacha katikati ni kuukaribisha ugonjwa urudi na nguvu mpya. Ukamwambia, "Basi bora nife nikisikia."

Baba Rispa! Hivi ulimwambia nani maneno hayo? Ulimwambia daktari, ambaye jioni anakwenda kwake kula. Mimi hukuniuliza. Rispa hukumwuliza. Nilikasirika sana, nikaosha sufuria zilizokuwa safi. Halafu hasira ikaisha nikabaki na woga, na woga huu hauna kazi ya kuufanyia, umekaa tu hapa kifuani. Treni yoyote ikipiga honi nashtuka. Mtu akibisha hodi kabla sijamtambua sauti, nasimama nyuma ya mlango bila kuufungua. Unamkumbuka jirani wa nyumba ya mwisho, yule aliyetoroka wodi akasema amepona? Mjane wake huwa ananisalimia vizuri sana sasa, kwa huruma, na mimi sitaki kusalimiwa hivyo.

Sitakudanganya kwamba masikio ni kitu kidogo. Wengine hapa nyuma yangu wananiambia niandike, "Masikio ni nini bwana, si uko hai?" Wao hawakujui. Mimi niliolewa na masikio hayo. Ulinikuta kisimani naimba ovyo, hukuniambia mimi ni mzuri kama walivyosema wengine, uliniambia, "Dada, hapo mwisho umeshuka mapema." Nikakuchukia wiki nzima, halafu nikaujaribu tena wimbo na kuona kweli nilishuka mapema. Hata kazini wanasema ulikuwa ukilaza kichwa karibu na injini na kusema bolti fulani imelegea, na imelegea kweli. Ninajua unachoombwa kukitoa. Nimelia juu yake, na nitalia tena.

Lakini kumbuka sinema.

Kumbuka ile alasiri kwenye holi ya mtaani kwetu, lokesheni. Kafyu ya emajensi ilikuwa imetukataza kukaa nje jua likishazama, kwa hiyo mwenye mashine aliziba madirisha kwa blanketi akaonyesha picha mchana, sisi sote ndani tunatoka jasho. Ilikuwa filamu ya zamani, ya bibi mmoja mwenye kofia pana anayeshuka ngazi, anasimama, analia, na bwana amempa mgongo. Mara mashine ikakohoa, sauti ikafa. Picha inaendelea, midomo inakwenda, hakuna kitu. Watu wakaanza kupiga miluzi. Na wewe, mume wangu wewe, ukasimama juu ya benchi ukaanza kusema kwa niaba yao. Bibi akalia, "Ugali umeungua na mama mkwe yuko mlangoni!" Bwana akageuka taratibu, uso umemkauka, ukamsemea, "Nilikuambia ununue sufuria nzito." Holi nzima ikaanguka kwa kicheko. Mwenye mashine alipoitengeneza sauti ikarudi, watu wakampigia kelele aizime!

Nilikuuliza njiani, "Kwani ulijuaje wanachosema?" Ukanijibu, "Sijui. Na ilipokuwa na sauti, wewe ulijua?" Kweli sikujua. Kizungu kile cha sinema hakuna aliyekuwa anakishika, wala Kihindi cha zile nyingine zenye nyimbo. Miaka yote hiyo tumependa picha bila kuelewa neno, tukatoka tukibishana nani alikuwa na makosa, na mara moja tulinuniana siku mbili kwa ajili ya mume wa watu ambaye hatukujua hata jina lake.

Kwa hiyo jana nilifanya jambo. Kulikuwa na picha holini. Nilimwachia Rispa kiti cha mbele na watoto wenzake, mimi nikakaa nyuma, nikatia pamba masikioni, nikafunga na kitambaa juu. Nilitaka kujua ninakuomba nini. Sikutaka kukuomba kitu nisichokionja hata kidogo.

Nitakuambia ukweli. Mwanzo nilitaka kukimbia. Nilihisi kama watu wote wameondoka na kuniacha. Mtu akicheka nyuma yangu sijui, nageuka kila wakati, shingo ikaniuma. Halafu nikaanza kuona. Mzee wa kwenye picha anaaga mwanawe, mdomo unasema mambo mengi ya kiume, lakini mkono wake unakifunga kifungo cha koti la kijana, unakifungua, unakifunga tena. Ningekuwa na masikio nisingekiona kile kifungo. Nikalia peke yangu, wengine bado hawajafika kwenye kulia. Na watu wakicheka, benchi linatikisika. Unacheka nao, umechelewa kidogo tu.

Nikarudi nyumbani na pamba yangu, nikatia ufunguo, nikaweka ile santuri ya gita kavu, ya kuazima. Hapo Baba Rispa sikupata faraja. Nililaza kiganja juu ya sanduku nikahisi bezi kidogo na chupa ikigonga kwa mbali. Ni kitu, lakini si muziki, na sitakuambia ni muziki. Rispa akaja akaweka mkono wake juu ya wangu akaniuliza kitu. Nilimwona mdomo ukienda na lile pengo la meno, sikusikia, nikamwomba arudie polepole. Akarudia. Alikuwa anasema, "Baba atakuja lini?"

Nilielewa kila neno, na pamba ilikuwa bado imo.

Hicho ndicho ninachokuombea uchomwe sindano. Kurudi hapa, hata ukiwa huna sikio hata moja, ulisome swali hilo kwenye mdomo wake mwenyewe na kulijibu wewe. Mimi nimechoka kulijibu. Muziki nitaufanyia kazi, sijui vipi, nitakuwa nakueleza kila santuri mpaka uniombe nikome. Picha utatusemea wewe. Lakini lazima uwe upo. Nakuogopea mpaka naona aibu mbele ya watu, na sitaki kuwa mjane mwenye gramafoni nzuri.

Ochieng anachukua barua hii leo. Usiniandikie jibu, yeye hatakuwa na wakati wa kungoja, na mimi sitathubutu kufungua bahasha. Ukikubali, mwambie tu. Akirudi, asimame mlangoni mwa gari lake anipungie kofia. Bendera asiiguse, asije akasimamisha treni ya watu. Nitakuwa mwanzo wa pletifomu, upande wa Gilgil, na Rispa. Unajua gari la gadi huwa la mwisho. Itanipita injini, yatanipita mabehewa ya Wazungu, ya Wahindi, ya kwetu, na ya ng'ombe, na mimi nitakuwa nimesimama tu nikiyatazama yote.

Chomwa, baba. Chomwa leo.

Wako anayekungoja,
Mama Rispa