Jina la Lorna kwa Kiklingoni

Duluth, 3 Machi

Mwanangu Maren,

Kiklingoni, hiyo lugha ya kutungwa ya mashujaa wa angani, hakina salamu ila "Unataka nini?", na wewe tangu una miaka tisa ndivyo ulivyonipokea mlangoni. Leo sithubutu. Hujambo? Joto la Tucson linakuacha ulale? Mimi mzima, ila goti linasumbua na theluji haijaisha.

Najua kwa nini huniandikii. Kwenye mazishi nilimwita mama yako kwa jina la kivita tulilompa kwenye chama chetu cha Kiklingoni. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Sasa Julai, kwenye mkutano wetu wa mwaka, wanataka niseme shairi la kumkumbuka. Nimekwama mstari wa kwanza. Nimwite nani?

Baba yako


Tucson, 20 Machi

Baba,

Sijambo. Goti lako lipakwe dawa, usilisimulie tu.

Mama hakuwa shujaa wa angani. Alipika kwenye kantini ya shule miaka ishirini na sita. Kwenye mikutano yenu alikaa nyuma akifuma soksi huku nyie mnafokeana kwa Kiklingoni. Nilisimama pale kaburini nikasikia unamzika mtu nisiyemjua. Mpaka ulielewe hilo, usiniandikie.

Maren


Duluth, 9 Juni

Mwanangu,

U hali gani? Nimekaa kimya miezi miwili na nusu kama ulivyoagiza. Naandika kwa sababu nimefungua kikapu chake cha kufumia.

Unakumbuka sheria yetu: hakuna ruhusa ya kujitungia neno. Likikosekana, unaliomba kwenye orodha ya maombi inayopelekwa kwa mtunzi wa lugha, kisha unasubiri. Kumbe mama yako, ambaye hakuzungumza hata sentensi moja ya Kiklingoni, alikuwa akipeleka ombi kila mwaka! Nakala kumi na moja zimo chini ya nyuzi. Aliomba neno la kukanda unga. Aliomba neno la kumsubiri mtu ndani ya gari na hita ikiwaka. Hakujibiwa hata moja, naye akaendelea. La mwisho ni hili: "Neno la upole ambalo mume wangu anaweza kuniambia bila kupiga kelele."

Nimelia, Maren, mzee mzima juu ya nyuzi za soksi.

Zote amesaini Lorna. Lile jina letu hakulitumia hata mara moja, na mimi sikuwahi kumuuliza kama analitaka. Nisamehe. Shairi sasa linaanza na Lorna, hivyo hivyo alivyoitwa na mama yake. Palipokosa neno nimeacha pengo. Ila nikijaribu kulisoma sauti inakatika, na chamani hakuna mwingine aliyemjua Lorna huyu.

Baba yako


Tucson, 30 Juni

Baba,

Unataka nini?

Swali nimelijibu mwenyewe: unataka mtu wa kusoma. Nimekata tiketi, nafika tarehe kumi na mbili. Kiklingoni changu kimeota kutu, kwa hiyo utanisikiliza jikoni kila asubuhi, na usinicheke. Soksi zake nakuja nazo, za kijani zile, moja ndefu kuliko nyingine. Kwenye mapengo nitanyamaza nikushike mkono, na mashujaa wenu watasubiri.

Neno lake la upole bado halijapatikana. Nikifika mlangoni, baba, wewe nifokee tu ile salamu yetu ya zamani. Mama alikuwa anaelewa, na mimi pia.

Mwanao,
Maren