Ungo wa Tata Siutumi Marekani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utacheka, mdogo wako mtu mzima mwenye watoto anakuamkia kwa barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu huwa unaniwahi kwa maneno, na mtandao nao unakatika pale pale ninapotaka kulia. Kwa hiyo nimeketi kibarazani hapa Kihanga, kahawa nimeianika, kuku nimewafungia wasiiparue, nikuandikie bila kukatizwa.

Uliponipigia ile simu ya video kutoka kwenye karakana yako nilidhani utanionyesha gari jipya. Kumbe ni risasi! Maboksi mawili ya vichwa vya risasi za bastola, vinang'aa kama bangili, kila kimoja kina tundu kwenye ncha. Ukanieleza kwamba huko unakoishi mtu anaruhusiwa kushindilia baruti na kujitengenezea risasi zake mwenyewe nyumbani, na kwamba tangu wezi wavunje mlango wa jirani yako hupati usingizi, na kuchagua boksi umeshindwa. Za boksi hili, ulisema, zinalenga vizuri zaidi. Zile zikigonga zinachanua na kuishia hapo hapo, si rahisi zipenye ukuta hadi kwa mtoto wa jirani. Nikakutania kwa kumtaja baba yetu, "Kaka, Tata alikuwa anazikataa zenye tundu, wewe unazinunua?" Ulicheka mpaka ukafuta macho. Halafu ukasema, "Nitumie ule ungo."

Tangu siku hiyo niko Bweranyange tulikokulia kwa mawazo, ingawa mikono inapalilia huku.

Unakumbuka mahindi yakianza kubeba, nguruwe pori walivyokuwa hawatuachii kitu? Tata alikuwa na gobore lake, leseni kaikunja kwenye mfuko wa nailoni na kuificha juu ya dari. Fundi akishammiminia gololi za risasi alizileta zimefungwa kwenye kitambaa, na tukishakunywa uji alituita sisi wawili. Mama alitoa orugali, ungo wake mpana aliokuwa ameukandika samadi ya ng'ombe hadi ukawa laini kama sakafu. Wewe ulishika upande wa juu, mimi wa chini. Ulikuwa unauinamisha kidogo, unaachia gololi moja, mimi naidaka. Tata alichuchumaa pembeni, jicho moja kalifumba. Gololi iliyobingirika moja kwa moja ilikuwa imejaa sawasawa. Iliyoyumba ilikuwa na hewa ndani.

"Hii ina tundu tumboni," alisema. "Itaniaibisha mbele ya nguruwe. Irudi kwa fundi."

Nawe ulikuwa unaziiba hizo mbovu, unakwenda kuchezea gololi shuleni, kisha unarudi umefungwa na darasa zima na bado unanuna! Nilikucheka sana. Sasa ningetoa hata mbuzi wangu nikuone ukinuna hivyo hapa uwanjani.

Ipo asubuhi moja ambayo sijawahi kuisahau. Nguruwe mnene alisimama wazi kabisa kwenye mahindi yetu. Tata alilenga, tukaziba masikio, tukangoja. Akalishusha gobore. Nguruwe akala akashiba, akaondoka zake taratibu. Mama alitoka jikoni amewaka, "Waitu jamani, baba, ndiyo umemkaribisha mgeni?" Tata akanyoosha kidole kwenye migomba ya jirani. "Nyuma yake kuna watu," alisema, akaingia ndani. Kwa hiyo uliponiambia habari za ukuta na mtoto wa jirani, sikuwa naziona risasi tena. Nilimwona Tata. Umri wote huo ugenini na bado unafikiria kama yeye.

Ninajua kwa nini hukuja kumzika Tata. Karatasi zako zilikuwa hazijakamilika, ungetoka usingerudi. Hakuna anayekulaumu hapa nyumbani, na mimi ndiye wa mwisho wa kukulaumu. Lakini nimekukosa, kaka. Nakukosa hata kwenye mambo madogo, kahawa ikiuzwa, mtoto akiota jino. Gobore baba mdogo alilirudisha polisi Kayanga, kama sheria inavyotaka. Ungo ulibaki. Mama ameutundika ukutani na hampi mtu apepetee.

Nilipompelekea ombi lako aliutungua, akaupapasa pembezoni kote, maana macho yake sasa yanaona ukungu tu. Watu wake bado anawatambua, ila lazima wamsogezee uso karibu. Akaufuta kwa kitenge chake. "Mtumie mwanangu," alisema, "awe na kitu cha nyumbani."

Basi nikaufunga kwenye shuka, nikapanda bodaboda hadi Kayanga, pale wanapopokea mizigo. Kijana wa kaunta akauliza kuna nini humo. Nikamwambia ungo. Unakwenda wapi? Marekani. Akacheka, "Mama, huko watapepeta nini?" Nikaanza kulikaza fundo la shuka. Nilikuwa nakuona wewe peke yako kwenye ile karakana, umeuweka juu ya meza, unaachia risasi moja kisha unazunguka mwenyewe kwenda kuidaka. Nikaona pia ukuta wa Mama ukiwa mtupu, na wewe huna tena cha kufuata huku. Nikaubeba mzigo wangu nikatoka. Nilirudi na ungo mgongoni, bodaboda ikipigwa na upepo tukapepesuka hadi dereva akaniuliza kama nimebeba tanga.

Mama alinisikia nikiingia. "Umerudi nao?"

"Nimerudi nao."

Alinyoosha mikono nikampa. Nilingoja anigombeze. Akaurudisha mahali pake, ila safari hii chini zaidi, usawa wa mkono wake. "Nilikutuma wewe," alisema, "lakini moyo wangu ulikuwa hautaki."

Kwa hiyo siutumi, kaka. Chagua zile zisizopita ukuta, ndivyo Tata angechagua, kisha funga mlango wako vizuri ulale. Lakini ungo utaushika hapa hapa. Karatasi unazo sasa. Njoo wakati Mama akisogezewa uso bado anajua ni wa nani.

Nakusubiri,
Mdogo wako, upande wa chini wa ungo.