Chupa Iliyojaa Hadi Shingoni

Sengerema, 9 Septemba 1996

Mjomba Chenge,

Shikamoo. Kabla hata ya kukujulia hali, natamka dai nitakalolitetea: wanafunzi wangu wa kemia hawakunakiliana, asidi uliyoiuzia shule yetu ndiyo iliyotiwa maji.

Katika mtihani wa majaribio, kwa kufuata lebo yako, sentimita za ujazo 25 za asidi zingetosha kuua nguvu ya alkali. Darasa zima lilitumia 31. Mkuu wa shule kaona majibu yamefanana na yote yamekosewa, akauita wizi. Amewarudisha nyumbani, binti yako Dorotea akiwemo, na anakusudia kuwazuia wasifanye mtihani wa taifa. Nimekokotoa: nguvu ya asidi ni 0.08, si 0.1 kama lebo isemavyo. Kuna mtu aliifungua chupa ile. Ni nani?

Mpwa wako,
Pius

Igogo, Mwanza, 14 Septemba 1996

Mpwa wangu,

Marahaba. Tu wazima, isipokuwa Dorotea, ambaye hataki kula.

Kumbe Chuo Kikuu kinafundisha kumshtaki mjomba kwa desimali! Nani amekutuma? Mshindani wangu Iqbal anaitamani zabuni hii ya kuiuzia shule yenu kemikali tangu biashara ziachiwe huru. Viatu vyako vipya vimetoka dukani kwake?

Sikuiba. Kifuniko kililegea kwenye pantoni ya Kamanga tukivuka ziwa, asidi ikamwagika. Ningeleta chupa pungufu, mngesema nimewapunja. Nikaijazia maji safi, tena ya kuchemsha, hadi shingoni. Muulize mfanyabiashara yeyote: mteja hupokea chupa iliyojaa. Barua hii ichome.

Mjomba wako,
Chenge

Sengerema, 20 Septemba 1996

Mjomba,

Shikamoo. Dorotea ameanza kula? Barua sijaichoma, na viatu ni vya mshahara wangu.

Sehemu moja kati ya tano ilikuwa maji. Watoto waliandika walichokiona. Kwanza nilikushuku wizi. Sasa nakushuku jambo baya zaidi: kwamba ulijua kinachoweza kumrudisha mwanao darasani, ukaniamuru nikiteketeze ili zabuni ibaki.

Nikiisoma barua mimi, mkuu atasema nimeitunga ili kumwokoa binamu yangu. Kwa hiyo sitaki tena jibu la posta. Wazazi wanakutana hapa shuleni Jumamosi, tarehe 28. Panda pantoni, uje na Dorotea, usimame mbele ya wote ujibu: ni nani aliyeijaza chupa?

Mpwa wako,
Pius